Mrejesho: Pikipiki za theluji nimeshazijaribu

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza ninunue ipi kwa huku Minnesota, Marekani, Polaris Indy yenye injini ya 650 au Ski-Doo MXZ, na kama nichukue tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli) au fostroki (isiyochanganya oili na petroli). Wengi mlisema niziendeshe kwanza.

Nimeziendesha, pamoja na fostroki ya Ski-Doo yenye injini ya 900 ACE. Hiyo imetulia, haina moshi wala harufu ya oili. Ila pua nzito! Kwenye kona za msituni, theluji ikiwa laini, mabega yanakoma. Mtu wa safari ndefu za njia iliyosawazishwa aichukue tu.

Indy inavuta balaa, gesi ya kidole gumba ukiigusa kidogo tu unaondoka. Lakini MXZ ya 600R imeniteka kwa ukaaji: unakaa mbele, ukikuta matuta unasimama bila kuhangaika. Rivasi yake ilinichekesha. Unabonyeza kitufe, injini inapungua kasi kama inazima, halafu inaanza kuzunguka kinyume na kukurudisha nyuma.

Aliyependekeza Yamaha, ahsante, ila walitangaza 2023 kwamba wanaacha biashara hii, na kwa Amerika Kaskazini toleo la mwisho ni la 2025. Spea za baadaye sitaki kuziwaza.

Nimelipia MXZ yenye mkanda (ule unaozunguka chini kuisukuma kwenye theluji) wa inchi 137 na stata ya umeme. Kuvuta kamba kwenye baridi ya huku, hapana jamani. Sasa nielekezeni helmeti isiyoganda kioo.