Vituo vya Kiingereza Moshi, acheni kuwauzia wagumu karatasi za uongo!

Wakuu, kuna karatasi za majina ya viungo vya mwili zinauzwa kwenye baadhi ya vituo vya Kiingereza hapa Moshi, kwa wagumu (wapagazi wa Mlima Kilimanjaro) na vijana wanaojiandaa kuwa waongozaji wa mlimani. Zimejaa makosa, na watu wanatoa hela ya jasho kuzinunua.

Chukua calf. Wameandika "ndama", basi. Sasa mgeni akifika kambi ya Horombo, huko mlimani, akasema "my calf hurts", kijana aelewe nini? Calf ya mtu ni shavu la mguu, ile nyama iliyojaa nyuma, chini ya goti na juu ya kifundo. Wengine wanadai eti mguu ulipewa jina la ndama kwa sababu nyama yake ni laini. Mmeyatoa wapi? La ndama ni la Kiingereza cha kale, cealf. La mguu limetoka Kinorsi cha kale, kálfi, lugha ya Waskandinavia waliovamia Uingereza na kuhamia huko. Kamusi nzuri huyaweka kama maneno mawili, yamekutana kwenye tahajia na matamshi. Na hiyo l haitamkwi! Ni "kaaf", wingi calves, "kaavz". (Kitenzi calve ndicho cha ndama: ng'ombe kuzaa, pia barafu kumeguka. Mgeni akikitumia akitazama barafu ya kilele cha Kibo, hajataja mguu wa mtu.)

Kwa nini nakasirika? Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa kwa mtu aliyetoka kukaa saa nyingi kwenye ndege, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Hapo husugui, hukandi. Anashushwa, anapelekwa hospitali. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua.

Ankle nayo mmeiita kisigino! Kisigino ni heel. Ankle ni kifundo cha mguu, pale mifupa inapotokeza pande zote mbili. Kwenye heel tatizo la kawaida ni lengelenge la kiatu: unasafisha, unafunika, safari inaendelea. Ankle ikiteguka unamkalisha, unafunga bendeji bila kubana mno, unainua mguu. Akishindwa kupiga hata hatua nne, hesabu kwamba huenda mfupa umevunjika.

Leg na foot zote mmeziandika "mguu", mkaishia hapo. Foot inaanzia kifundo kwenda chini hadi vidoleni; leg ni huko juu yake. Mtu amevunjika muundi (mfupa wa mbele, kati ya goti na kifundo), kijana anaita kwenye redio "foot", walio chini wanajiandaa kwa jeraha lingine kabisa.

Chapisheni upya, na mchoro wa mguu wenye mishale. Waliokwisha kununua wapewe mpya bure au warudishiwe hela zao.