Modemu inapiga simu lakini haishiki, naomba ushauri

Wakuu, modemu ya nje ya 56K iko kwenye poti ya siriali: 115200, biti 8, bila pariti, stopu 1. Amri ya majaribio, AT, inajibu OK. Laini inapitia swichibodi (mtambo wa simu za ndani), hivyo ATDT (amri ya kupiga simu) ilirudisha NO DIALTONE (hakuna mlio wa laini). ATX3 ikamaliza hilo, kwani modemu haisubiri tena mlio wa laini. Nambari inaanza na 9,, (9 ya kutoka nje ya swichibodi), na kila koma ni kusubiri sekunde 2 (mpangilio wa S8 wa modemu).

Sasa modemu ya upande wa pili inapokea, zinapigiana milio, ila sekunde 50 za S7 (muda wa kungoja muunganisho) zikiisha, napata NO CARRIER (hakuna muunganisho). Nianze na ATS7=90, au nishushe mwendo kwa AT+MS=V34? Nashuku zaidi kelele za laini. Na je, kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kuongeza yangu kwa AT&F&K3X3 kisha AT&W (amri ya kuhifadhi) inatosha kubakisha mipangilio hata umeme ukikatika?