Kokoto za uani Buswelu: ninunue kwa tripu, kwa tani au kwa ndoo?

Mkazi_Buswelu
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumwaga kokoto nyumbani huku Buswelu, Mwanza, kabla mvua za vuli hazijachanganya. Sehemu ni tatu: njia ya gari kutoka getini hadi barazani, mita 12 kwa 3.5, duara kuzunguka mwembe, kutoka shinani hadi ukingoni mita 2, na kichochoro cha kwenda jikoni, mita 9 kwa upana wa mita 1. Mwenye tipa ameniambia tripu moja inatosha na chenji inabaki. Kwenye krasha, yaani mashine ya kupasua mawe, wanauza kwa tani. Akina mama wanaogonga kokoto kwenye miamba hapa jirani wanauza kwa ndoo. Kila mmoja na kipimo chake, sasa nitajuaje nani ana bei nafuu?

Fundi_Igoma
Mkuu, weka bei pembeni kwanza. Wote watatu wapeleke kwenye mita za ujazo, ndipo utaona nani anakuuzia nini.

Njia ya gari weka unene wa sentimita 7, kwingine sentimita 5 zinatosha kwa sababu ni miguu tu inayopita. Njia ni 12 × 3.5 = mita za mraba 42, zidisha kwa 0.07 unapata 2.94. Duara ni 3.14 × 2 × 2 = 12.56, kwa 0.05 ni 0.63. Kichochoro ni 9 kwa 0.05, yaani 0.45. Jumla ni kama 4. Ongeza asilimia 10, maana kokoto hushindiliwa na nyingine huzama kwenye udongo: unahitaji mita za ujazo 4.4.

Kwa ndoo: ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa mdomoni, 50 zinafanya mita moja ya ujazo. Wewe ni ndoo 220. Kwa tani: kokoto za granaiti zikiwa zimemwagwa tu, mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban tani 1.5, kwa hiyo zako ni kama tani 6.6.

Tripu sasa. Tripu siyo kipimo, ni safari ya gari. Chukua futi, pima bodi kwa ndani: urefu, upana, kina. Bodi la mita 4 kwa 2 lenye kina cha sentimita 50 ni mita za ujazo 4, lakini likijazwa mpaka sentimita 35 ni 2.8 tu, na ukiwa umesimama chini huoni tofauti. Panda juu ya gari kabla halijamwaga. Mwambie kijana asawazishe kwa koleo, kisha pima kutoka ukingo wa bodi kushuka hadi kwenye kokoto, pembe zote nne na katikati.

Dada_Kirumba
Naongezea kwa aliyechelewa akakuta lundo tayari liko chini. Likiwa la mviringo lililochongoka juu, pima upana wake chini na urefu wake katikati. Nusu ya upana zidisha kwa yenyewe, mara 3.14, mara urefu, gawa kwa 3. Lundo la upana wa mita 4 na urefu wa mita 1.2 ni kama mita za ujazo 5. Kwa urefu ingiza fimbo nyembamba katikati mpaka iguse ardhi, usikadirie kwa macho.

Pasiansi_Juu
Mimi natetea tani. Kwenye mizani hakuna maneno, unapewa karatasi ya gari tupu na gari lenye mzigo. Tripu ina ubishi mwingi mno.

Fundi_Igoma
Mizani ni nzuri, kaka, ila angalia mambo mawili. Mzigo uliolowa unakuuzia maji. Kwa kokoto safi ni kidogo, kwa vumbi la kokoto ni mengi. Na hiyo 1.5 ni makadirio, inacheza kati ya 1.4 na 1.6 kufuatana na saizi ya kokoto. Ukitaka uhakika, jaza ndoo ya lita 20 kokoto zile zile unazonunua, ipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka, toa uzito wa ndoo tupu. Ukipata kilo 29, gawa kwa 20: ni tani 1.45 kwa mita ya ujazo. Hesabu zako zote za tani tumia namba hiyo.

Mzee_wa_Isamilo
Vijana mnapiga hesabu vizuri, lakini hamjamuuliza kama kiwanja ni tambarare. Hapa Mwanza wengi tunaishi mlimani. Kwenye mteremko pima kwa kulaza futi juu ya ardhi yenyewe, maana ukipima usawa wa hewani utapungukiwa. Halafu jenga kingo za mawe kwanza, pande zote mbili na sehemu ya chini. Mawe hapa hayana shida, na bila kingo mvua moja kubwa inazipeleka kokoto zote mtaroni. Ardhi ikishuka zaidi ya sentimita 10 kwa kila mita, mimi siwezi kushauri kokoto kabisa, panga mawe ya ngazi.

Mkazi_Buswelu
Shikamoo mzee. Kwangu kunashuka kidogo tu upande wa geti, kingo nitaweka. Vipi zile changarawe laini za ufukweni? Kuna jamaa anazileta kwa bei ya chini sana.

Dada_Kirumba
Achana nazo kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na anayechimba humo anauharibu ufukwe unaotulisha sote samaki. Isitoshe, zile ni za duara, tairi likikanyaga zinateleza. Kokoto zilizopasuliwa zina pembe, zinashikana.

Mama_Nyakato
Naomba niwasemee akina mama wa kugonga. Watu wanawapita wakidhani ndoo ni ghali, wakati hawajagawa bei ya tripu kwa ujazo wake. Zidisha bei ya ndoo kwa 50, hapo ndipo ulinganishe. Kwa eneo dogo mara nyingi hawaachwi mbali, na hulipii gari zima kwa mzigo wa nusu gari. Nenda na ndoo yako mwenyewe, mkubaliane mapema kama ni ya kusawazisha au ya kichwa, yaani iliyojazwa kupita mdomo. Saizi huwa zinachanganyika, kwa hiyo omba wakuchekechee nusu inchi. Mtu anakaa juani na nyundo kutwa nzima, usimpunje kwa kichwa cha ndoo.

Fundi_Igoma
Kweli kabisa, mama. Mkazi, kuna kitu hujauliza: chini ya njia ya gari utaweka nini? Ukimwaga kokoto juu ya udongo mtupu, masika mbili hazipiti zimemezwa. Weka moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, ya kushindilia sentimita 10. Hiyo ni 42 × 0.10 = 4.2 ikiwa imeshashindiliwa. Inapofika kwenye gari bado imevimba, ongeza robo, agiza 5.25. Yaani moramu ni nyingi kuliko kokoto zenyewe! Kama udongo ni ule mweusi, tandika viroba vilivyopasuliwa chini ya moramu.

Mkazi_Buswelu
Nimeenda kulipima lile tipa. Kwa ndani ni mita 3.8 kwa 1.9, kina sentimita 45: mita za ujazo 3.25. Halitoshi zote 4.4, ila kwa njia ya gari peke yake, 2.94 na ile asilimia 10, ni 3.23. Linaingia sawasawa likijazwa hadi ukingoni. Kwa hiyo tipa litaleta za njia, na za mwembe na kichochoro, ndoo 60, nachukua kwa akina mama, guta litazibeba. Moramu inatangulia, nimeambiwa ni tripu mbili za gari hilo hilo.

Fundi_Igoma
Umepata. Dereva akija mwambie ainue bodi kidogo huku anasogea mbele polepole, mzigo ujitandaze wenyewe, utaokoa nusu ya kazi ya koleo. Na mwoneshe mapema shimo la choo lilipo, asilikanyage akirudi nyuma.