Ulinganisho: taa za LED za kukuzia miche chumbani, ziungwe kwa njia ipi iliyo salama?

MkulimaWaPipeline

Ndugu wanajukwaa, naishi Pipeline, Embakasi, ambako majengo yamebanana kiasi kwamba dirisha langu linatazama ukuta wa jirani na jua haliingii ndani hata saa sita mchana. Nina rafu mbili za chuma, kila moja ina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 40, nami nakusudia kuotesha sukuma wiki, dania na saladi.

Nimezunguka maduka ya Luthuli Avenue nikapata njia nne: balbu za kawaida za LED za wati 9 zikiwa kwenye holda, vibamba vya LED vinavyopokea volti 240 moja kwa moja, utepe wa LED wa volti 12 au 24 pamoja na sapulai yake (kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti hizo), na LED za wati 3 zilizoungwa mfululizo kwenye draiva ya mkondo thabiti (kifaa kinachozilisha LED kwa mkondo usiobadilika). Naomba tuzilinganishe kwa usalama kwanza na bei baadaye, kwa kuwa rafu ni za chuma, mimea humwagiliwa kila siku, na watoto hupita hapo.

FundiWaLikoni

Mkulima, umefanya vyema kutaja chuma na maji mapema, maana hayo mawili ndiyo yanayoamua. Swali la kujiuliza kwa kila njia ni hili: volti 240 zinaishia wapi? Kwa balbu na kwa vibamba, zinafika mpaka juu ya majani. Kwa utepe, zinaishia ndani ya sapulai iliyofungwa kiwandani, na kinachofika kwenye rafu ni volti 24 tu. Kwa hiyo mimi nachagua utepe wa volti 24.

Vibamba vya volti 240 ningeviondoa kabisa kwenye orodha. LED zake zimetengwa na bamba la alumini kwa utando mwembamba wa kuhami, na hakuna transfoma inayotenganisha mzunguko wake na umeme wa nyumba. Joto likiuchosha utando huo, au skrubu ikiupasua, bamba lote linakuwa na umeme, na rafu nzima ya chuma pamoja nalo.

LED za kuunga mfululizo si mbaya zikiwa mikononi mwa anayejua kupima. LED nyeupe hutumia takriban volti 3, hivyo 12 zinahitaji volti 36, na hilo linakubalika. Ukifikisha 36, ncha za mnyororo zinabeba volti 108, na huo si umeme mdogo tena. Isitoshe, waya ukikatika, draiva hupandisha volti hadi kikomo chake, kwa hiyo soma kwenye lebo volti ya juu kabisa inayoweza kutoka, ambayo isizidi 60. Na usijaribu kamwe kuzilisha LED tupu kwa sapulai ya volti thabiti: LED ikipata joto, volti inayohitaji hupungua, mkondo unaongezeka, joto linazidi, na mwisho inaungua. Utepe hauna tatizo hilo kwa sababu kila kipande chake kina rezista, yaani kizuizi cha mkondo.

BiBustaniDar

Fundi, nakubaliana nawe kuhusu utepe, lakini nauliza juu ya vibamba. Taa nyingi za nje za kumulika uwanja zinazouzwa hapa Kariakoo zina vibamba hivyo hivyo ndani, na watu wanazitumia kwenye mvua. Kwa nini ziwe hatari chumbani?

Pia nadhani balbu zimehukumiwa haraka. Mtu mwenye sufuria mbili tatu za mimea akinunua taa ya mezani iliyotengenezwa kiwandani, yenye waya na plagi yake, akaweka balbu ya LED humo, hana muungano hata mmoja alioufanya mwenyewe. Kwa asiyejua umeme, hiyo ndiyo salama kuliko zote.

FundiWaLikoni

Dada, hoja ya balbu naikubali kwa mimea michache. Kwa rafu mbili, atahitaji holda nyingi zilizoungwa kwa mkono, na kila muungano ni mahali pa kupenyeza maji.

Kuhusu taa za uwanjani, kibamba kimo ndani ya kasha la chuma lililozibwa kwa mpira na kioo, na kasha hilo huungwa na waya wa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, ili hitilafu ikitokea fyuzi ikatike. Kibamba kinachouzwa kikiwa uchi hakina kasha, hakina kioo, na kwa kawaida hakina hata mahali pa kufunga ethi. Kilichomlinda mtu uwanjani ni vile vitu vilivyoachwa.

JuaNiMaliMachakos

Mkulima hakutaja sola, lakini wengi wetu tutaifikiria. Utepe wa volti 12 usiungwe moja kwa moja na betri ya volti 12. Betri ya asidi inapochajiwa hufika volti 14.4, na kwa utepe wa aina hiyo mkondo unaweza kupanda kwa zaidi ya nusu, nao ukaungua taratibu. Weka kirekebishi kinachotoa volti thabiti, na fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu betri ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea bila kikwazo.

Hesabu pia nishati. Wati 72 kwa saa 14 ni takriban uniti 1 kwa siku kwa rafu moja. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 (ampea kwa saa), ukiitumia hadi nusu ili isife mapema, inatoa uniti 0.6 tu. Anayetumia sola basi awashe taa mchana, paneli inapofanya kazi, asitegemee betri usiku kucha.

MkulimaWaPipeline

Asanteni sana. Sola siwezi, kwani paa si langu. Naelekea kwenye utepe. Nimeona wa wati 14.4 kwa mita, na kila rafu itapata mita 5. Naomba sababu ya kuchagua volti 24 badala ya 12, na jinsi ya kuchagua sapulai, maana dukani nimeonyeshwa moja ya bati lenye matundu na nyingine ya plastiki iliyozibwa.

FundiWaLikoni

Mita 5 ni wati 72. Kwa volti 12 huo ni mkondo wa ampea 6, kwa volti 24 ni ampea 3. Chukua waya wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 5: kwenda na kurudi ni mita 10, sawa na omu 0.17. Ukitumia volti 12 unapoteza volti 1 nzima njiani, zaidi ya asilimia 8; ukitumia 24 unapoteza nusu volti, asilimia 2 hivi, na joto ndani ya waya linakuwa robo tu.

Sapulai isifanyishwe kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, hivyo kwa wati 72 nunua ya wati 100. Weka moja kwa kila rafu. Ile ya bati lenye matundu ina skrubu za volti 240 zilizo wazi, haizuii maji, na ni lazima iungwe na ethi. Mahali pake ni ndani ya sanduku, si kando ya ndoo. Chagua ya plastiki yenye IP67, yaani isiyoingiza vumbi wala maji, na utafute kwenye lebo mraba ndani ya mraba: alama hiyo ina maana kwamba uhami wake ni maradufu na hauhitaji waya wa ethi. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo iwepo.

Utepe ukate kwenye mistari iliyochapishwa tu, upate vipande vitano vya mita 1, uvibandike juu ya mifereji ya alumini ili vipoe, kisha uviunge sambamba, kila kimoja na waya wake. Ukiviunganisha ncha kwa ncha, cha mwisho kitafifia.

MwanaWaOslo

Huku Norwei Desemba giza hutawala sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo taa hizi tunazitumia sana. Naongeza kwamba mwanga mweupe wa kawaida wa 4000 K (kipimo cha rangi ya mwanga) unatosha kwa mboga za majani. Rangi ya zambarau si lazima. Swichi ya saa, ile inayowasha na kuzima yenyewe, iwekwe upande wa soketi, mbali na unyevu.

BiBustaniDar

Na plagi je? Nyingi huja na fyuzi ya ampea 13.

FundiWaLikoni

Ibadilishwe iwe ya ampea 3. Sapulai hii inavuta chini ya ampea 1 kutoka kwenye soketi, ilhali fyuzi ya 13 itauacha waya mwembamba upate moto kabla haijakatika. Soketi ilindwe na RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme unapovuja. Kama haipo, aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aifunge, kwa idhini ya mwenye nyumba.

Sapulai ifungwe ukutani juu kuliko rafu ya juu. Waya unaoingia kwenye soketi ushuke kwanza chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie ndani. Kabla ya kuwasha, plagi ikiwa nje, pima kwa multimita kati ya pini za plagi na chuma cha rafu: pasiwe na mawasiliano yoyote. Baada ya saa moja ya kuwaka, zima taa, chomoa plagi, kisha gusa kila muungano. Ulio moto kuliko mwenzake ufunguliwe na kulehemiwa upya.