Kikundi cha ukoo: mgombea aliyesema "kamwe"

Neema: Shikamooni wakubwa. Yule mgombea jana kasimama jukwaani, kasema akishinda hakuna kijana atakayepelekwa jeshini kwa lazima, "kamwe". Watu walishangilia, na mimi nikashangilia, maana Salim anatimiza 18 mwakani. Nilipofika nyumbani usingizi ukanipaa. Hivi mtu anaweza kuahidi jambo kama hilo?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Hilo "kamwe" ndilo lililokukosesha usingizi. Vita haviji kwa ruhusa ya mgombea.

Shangazi Zuhura: Mimi naona wasiahidi kabisa. Mambo ya jeshi yana siri zake. Yasigeuzwe njugu za kugawa kwenye mikutano.

Baraka: Shangazi, samahani, hapo sikubali. Wanaoitwa ni sisi vijana. Kama kuna jambo ambalo nastahili kuambiwa kabla sijapiga kura, ni hili. Na wapo walioahidi wakatimiza. Australia, 1972, chama cha Whitlam kiliahidi kufuta jeshi la lazima. Kilishinda Desemba, na siku chache tu baadaye kuita vijana kukasitishwa, waliofungwa kwa kukataa wakatolewa.

Baraka: Hata Nixon wa Marekani. Aliahidi kwenye kampeni ya 1968, na 1973 kuita watu kukakoma.

Mjomba Hamisi: Umeruka miaka ya katikati, Baraka. Desemba 1969, huyohuyo akiwa madarakani, walifanya bahati nasibu. Tarehe 366 za kuzaliwa zikatiwa kwenye vidonge vya plastiki, vidonge kwenye chombo cha kioo, mtu anachomoa kimoja kimoja. Tarehe yako ikitoka mwanzo, unakwenda. Ahadi ilitimia, sikatai, ila wapo walioitwa wakati bado inasubiriwa.

Neema: Yaani mtoto aende vitani kwa sababu ya siku niliyomzaa?

Mjomba Hamisi: Ndivyo ilivyokuwa.

Neema: 😢

Dada Amina: Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Shangazi shikamoo, Mjomba shikamoo. Mnaijua habari ya Kanada? Mimi kila nikiifundisha darasani huwa inanikera upya.

Dada Amina: Vita Kuu ya Pili ilipoanza 1939, waziri mkuu wao, Mackenzie King, aliahidi kwamba hakuna atakayelazimishwa kwenda kupigana ng'ambo. Ahadi ile hasa ilikuwa ya watu wa jimbo la Quebec, wanaosema Kifaransa, kwa sababu 1917 walilazimishwa na kidonda kilikuwa hakijapona. Wakamwamini, akashinda uchaguzi wa 1940. Vita vikakaza. Aprili 1942 akaitisha kura ya maoni, nchi nzima, akiomba afunguliwe ile ahadi. Karibu thuluthi mbili ya wapiga kura nchini wakasema ndiyo. Quebec zaidi ya asilimia 70 wakasema hapana. Akahesabu kura za nchi nzima, akajiona yuko huru. Mwisho wa 1944 ikaamuliwa vijana wa lazima wapelekwe ng'ambo.

Shangazi Zuhura: Lakini si aliuliza? Wangapi huuliza?

Dada Amina: Aliuliza, na hilo nampa. Lakini fikiria, Shangazi, mimi nina deni lako, halafu nakwenda kwa majirani kuomba wanisamehe. Majirani wanasema "tumekusamehe", na wewe unabaki umekaa mlangoni.

Shangazi Zuhura: Hapo umenigusa.

Baraka: Dada Amina, basi ndiyo tuseme asiahidi?

Dada Amina: Sijasema hivyo. Aahidi yaliyo mikononi mwake. Vita haviko mikononi mwake. Utaratibu uko: nani ataamua, kwa kura gani bungeni, nani atasamehewa, muda gani. Anayesema "kamwe" anaruka maswali yote hayo, kwa sababu kwa mujibu wake hayatakuja.

Mjomba Hamisi: Na muda wenyewe uandikwe kisha uheshimiwe. Sheria ya Eritrea ya 1995 inasema miezi 18. Tangu vita vya 1998 wapo waliokaa humo miaka na miaka.

Baraka: Taiwan nao. Ma Ying-jeou alipogombea 2008 aliahidi jeshi la kujitolea, kweli muda ukashuka hadi miezi 4. Mwisho wa 2022 rais aliyemfuata, Tsai, akatangaza unarudi mwaka mzima kuanzia 2024. Ahadi ya mmoja haimfungi mwenzake.

Shangazi Zuhura: Yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, Sunak, naye 2024 aliahidi kinyume, kuwapeleka.

Dada Amina: Naam, vijana wa miaka 18, wachague mwaka mmoja jeshini au wikendi moja kila mwezi kazi za jamii. Akashindwa uchaguzi. Mpango wenyewe siupendi, lakini mpiga kura alijua umri, alijua muda, akakataa kwa macho makavu.

Salim: Shikamooni wote. Nipo humu, nilikuwa nasoma tu.

Neema: Mwanangu, hukulala?

Salim: Sijalala. Babu Hamisi, wewe ulikwenda jeshini kwa hiari. Ungekwenda kwa kulazimishwa?

Mjomba Hamisi: Marahaba Salim. Nimelitafuta jibu nusu saa nzima. Ningekwenda kama ningeona mtoto wa aliyetuita yuko kwenye kwata pamoja nami. Depo, kwenye kambi ya mafunzo, nilikuwa na kuruta aliyesukumwa na baba yake. Alilia usiku, asubuhi akachelewa, tukaadhibiwa wote. Sikumchukia. Nilimchukia aliyemleta.

Salim: Basi Jumamosi akija kwenye mkutano nataka kuuliza mimi. Sitaki aniambie sitakwenda. Nataka aseme wakiniita, nani ataamua, nitakaa muda gani, na watoto wa wabunge wataitwa kwa orodha ileile?

Dada Amina: Ongeza: sheria hiyo iwe na tarehe ya kufa, ikifika bunge lipige kura upya.

Neema: Mimi nilitaka kumuuliza "unaniahidi?"

Shangazi Zuhura: Mwache mtoto aulize lake, Neema. Salim, andika kwenye karatasi, usitegemee simu. Na umsimamie karibu, asije akajibu swali la mwingine.