Kle ya wifi (kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB) inapokea vizuri lakini inakataa kugawa intaneti, nisaidieni

Mwana_Katuba:
Jambo ndugu zangu. Siku ya tatu leo sijalala vizuri. Nina kiduka cha kuchapa na fotokopi hapa Katuba, Lubumbashi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja na TFC zao (kazi za kumaliza masomo) kwenye simu. Intaneti inanifikia kwa waya kutoka kwa jirani, inaingia kwenye kompyuta ya mezani isiyo na wifi. Ndiyo maana nilinunua kle ya wifi ya USB, wanafunzi wanitumie faili bila kumaliza mega zao. Kwenye Windows 7 ilifanya kazi vizuri kabisa. Nimeweka Windows 10, na sasa nikiandika `netsh wlan start hostednetwork`, amri ya kuwasha wifi ya kugawa (réseau hébergé), najibiwa « Impossible de démarrer le réseau hébergé », yaani imeshindikana kuiwasha. Kle haijafa: inaona wifi zote za mtaa na kuunganika nazo. Ninunue nyingine? Pesa iliyopo ni ya shule ya watoto.

MamaFaida:
Pole kaka. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri unalifungua kama administrateur (msimamizi wa kompyuta)? Na neno la siri lisipungue herufi 8, likipungua linakataliwa.

Mwana_Katuba:
Vyote nimefanya mama. Herufi ni 10.

Fundi_Kamalondo:
Hiyo pesa ya shule iache mahali pake. Andika `netsh wlan show drivers`, utafute mstari wa « Réseau hébergé pris en charge », unaosema kama kle inaweza kugawa. Ni Oui au Non?

Mwana_Katuba:
Non.

Fundi_Kamalondo:
Ugonjwa uko hapo. Kupokea wifi ni kazi moja, kuigawa ni nyingine, na hiyo ya pili inategemea draiva, ile programu inayoiongoza kle. Windows 10 ilikuja na draiva za aina mpya zilizoacha réseau hébergé na kushika Wi-Fi Direct, njia nyingine ya vifaa kuunganika vyenyewe kwa vyenyewe. Amri yako ni sahihi, ila draiva hiyo mpya haiwezi kuiitikia. Jaribu kwanza njia mpya: Paramètres, Réseau et Internet, « Point d'accès sans fil mobile ». Ipo tangu toleo la 1607 la mwaka 2016.

Mwana_Katuba:
Nimejaribu yaya, nayo imekataa.

Kijana_UNILU:
Mimi yalinipata hayo hayo. Nilirudisha draiva ya zamani.

Fundi_Kamalondo:
Ndiyo dawa iliyobaki. Tafuta draiva ya Windows 7 ya kle hiyo kwenye tovuti ya aliyeitengeneza au kwenye CD yake. Kama Windows yako ni ya bit 64, draiva nayo iwe ya 64. Fungua Gestionnaire de périphériques (orodha ya vifaa vya kompyuta), bonyeza kle kwa kitufe cha kulia, chagua kubadilisha draiva, uielekeze mwenyewe kwenye faili. Usikubali Windows ikutafutie, itakurudishia ile ile mpya. Kisha uzime na kuwasha kompyuta.

Mwana_Katuba:
OUI! Ninaiangalia hapa, Oui! Amri imekubali, simu ya binti yangu imeingia. Lakini inasema hakuna intaneti.

MamaFaida:
Bado hujaigawa, kaka. Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`. Fungua Propriétés za ule muunganiko wa WAYA (si wa kle, hapo ndipo wengi wanapokosea), nenda Partage, weka alama ya kuruhusu kugawa, uchague muunganiko mpya uliozaliwa na réseau hébergé. Simu ikipata anwani inayoanza na 192.168.137, ujue umefika.

Mwana_Katuba:
192.168.137.24! Mwanafunzi aliyekuwa anangoja mlangoni amenitumia kurasa 62 sasa hivi, printa inazitoa. Mungu awabariki sana.

Fundi_Kamalondo:
Asante Mungu. Jambo moja: umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena mtandao huo haujianzishi. Andika ile amri ya `netsh wlan start hostednetwork` kwenye Bloc-notes, uihifadhi kwa jina wifi.bat, na kila asubuhi uifungue kama administrateur. Siku Windows Update ikileta draiva mpya, rudia kazi ya leo.