Tupeane uzoefu: mzee wako alipoacha kwenda barazani

BINTI LANGONI: Assalaam aleikum. Leo alasiri nimepita Mkunguni, hapa Lamu, wazee wanacheza bao mbele ya ngome, na mahali pa baba pameketi mtu mwengine. Nimerudi nyumbani nalia. Tangu mama afariki baba hatoki, mwaka wa pili huu. Nani yamemfika?

UMMU WAWILI: Mama yangu alimaliza eda, miezi minne na siku kumi, akabaki ndani vilevile. Harusi haendi, hitma haendi.

MTOTO WA NAHODHA: Umenigusa pabaya. Baba alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo. Magoti yalipomshinda akauza chombo, akawa haikosi baraza. Kisha masikio yakaanza kuziba. Wenzake wakicheka hasikii wanachekea nini, akaona wanamcheka yeye. Akaacha kwenda. Sisi tukasema ni uzee tu. Akaacha kahawa, akaacha kunyoa, na alfajiri ambayo hajaikosa msikitini tangu utoto akawa anaiswali chumbani.

Usiku mmoja wa kusi, saa tisa, naamka mlango u wazi. Tulizunguka vichochoro vyote na tochi za simu, mama anaita jina lake kama anaita mtoto. Tukamkuta gatini, miguu majini, kavaa kikoi kipya na kofia yake ya vito. Nikamshika bega. Akasema, "Nangoja chombo, mwanangu. Nchi kavu sina kazi tena." Wallahi mpaka leo mlango ukigonga usiku nashtuka.

KIJANA WA SHELA: Subhanallah. Yu hai?

MWENYE DUA: Huyo si mzima, ana mtu kichwani. Mpelekeni akasomewe.

MUUGUZI MSTAAFU: Asomewe, dua haina ubaya. Lakini ndugu yangu, usimzuie hospitali. Hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni, na sonona si sehemu ya uzee. Mtu akikosa hamu ya kila kitu zaidi ya wiki mbili, aonwe na daktari. Masikio nayo yapimwe. Akipewa dawa msiitupe siku ya tano, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Na mzee akitamka kwamba hana kazi duniani, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

MWENYE DUA: Sijamzuia mtu. Nyinyi wa hospitali mwadharau yetu.

MTU WA MATONDONI: Tatizo ni watoto. Mko Mombasa na Dubai, mwatuma pesa, mwaona yamekwisha.

MWANA WA MBALI: Hizo pesa ndizo zinamlisha mzee! Wewe uliye karibu umemtembelea mara ngapi?

KIJANA WA SHELA: Baba wa Binti Langoni muozeni mke.

UMMU WAWILI: Asiozwe! Mwacheni apumzike kwanza.

BINTI MKOMANI: Pesa si neno dogo, ila sikilizeni. Mama yangu anapata zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Siku ya kuzichukua huamka mapema, akajifukiza udi. Nilidhani anafurahia pesa, kumbe ni foleni. Kule huwakuta shoga zake. Sasa nawaita nyumbani kila Jumatatu, waja na ukili wao, husuka pale dakani, ukumbini mlangoni. Hakuna anayemwambia atoke. Juzi alicheka.

KIJANA WA SHELA: Nahodha je?

MTOTO WA NAHODHA: Yu hai, alhamdulillahi. Alitibiwa, akapata kifaa cha sikio. Ndugu yangu humpeleka Matondoni kwa mafundi wa majahazi, awaambie ubao gani umekaa vibaya. Siku nyengine hataki kwenda, hatumlazimishi.

BINTI LANGONI: Nimewasoma wote. Nimeteremsha bao la baba kabatini, mjomba atakuja kesho wacheze hapa dakani. Kete zimebaki 60, nne zimepotea.

MTU WA MATONDONI: Komwe ninazo. Nakuletea asubuhi.